Kigari cha Baba Chiriku Kimegoma Kuwaka

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amekuja leo. Hata kiti hakukipasha moto. Kasema Jumapili anarudi na gari kumchukua mdogo wake, mume wangu, akauguzwe kwa mama yao. Hapa, anasema, amegeuka gogo — analala, analishwa, basi.

"Wifi, hujakosea kitu," kaniambia. "Ila wewe bado mtoto, na una mtoto."

Mimi mtoto!

Kamuuliza mwenyewe. Kaitika, "Sawa." Sawa tu, kama mtu aliyeulizwa aongezewe chai. Uso ukutani, bandeji machoni. Tangu ile dawa ya kiwandani imrukie usoni hajanipa sentensi nzima. Mm. Sawa. Acha. Mkimya kama maji mtungini — na huyu ndiye aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta!

Daktari anasema jicho la kushoto huenda likaona. Tusubiri bandeji zitoke. Mimi nasubiri. Yeye sijui kama anasubiri.

Chiriku kauliza, "Na mimi naenda na baba?" Shangazi yake kamwambia watoto hubaki na mama zao. Mwanangu kanyamaza. Yeye, tuliyempa jina la ndege kwa kelele zake, kanyamaza.

Sitaki mume wangu aende. Naandika hapa maana mdomo umekataa kulisema.

Jumanne, 4 Machi

Nimekitoa kigari chake uvunguni mwa kabati. Hakizidi mkono wangu kwa urefu. Si cha betri kama vya watoto. Kina injini ya kweli, ndogo kama limau, inakunywa mafuta yake maalumu na kutoa moshi, unaiongoza kwa remoti. Kila Jumamosi alikuwa uwanjani nacho, anarudi vumbi mpaka kwenye kope, meno yote nje. Nilikuwa nakiita mke mwenzangu. Nilikuwa nanuna!

Sasa nimewaza — akisikia sauti yake, pengine atageuka. Ageuke tu. Akigeuka nitaweza kumwambia abaki.

Nimekipeleka barazani, chini ya dirisha lake. Nimevuta kamba ya kuwashia. Kimya. Chiriku kavuta, kaanguka chali. Kimya. Jirani, Mama Mapacha, kachungulia juu ya ukuta: "Shoga, umefungua gereji? Nikuletee na blenda yangu?"

Nimecheka. Halafu nikachungulia dirishani. Kisogo kilekile.

Jumatano, 5 Machi

Kina kitabu chake, lugha siijui, nimetazama picha. Picha zikanikumbusha. Kabla ya kuvuta kamba alikuwa anachomeka juu ya injini kijiti chenye betri ndani, kupasha plagi moto. Kijiti nimekipata. Betri imekufa. Nimeichaji asubuhi nzima.

Nikampelekea kigari fundi wa pikipiki. Kakigeuzageuza kama yai. Kafungua plagi, kaichomeka kwenye kijiti — kijiwaya cha ndani kikawa chekundu kama kaa. Plagi nzima. Kanusa tangi. Kavu.

"Dada, huyu haumwi. Ana njaa tu. Mtie petroli."

Nikamwambia kwamba mume wangu ana mafuta yake ya chupa, sijui kaweka wapi.

"Injini ni injini, dada." Kanijazia petroli kwenye chupa ya maji, kanipa.

Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetia petroli. Nimepasha plagi. Nimevuta. Chiriku anashangilia kama yuko mpirani. Nimevuta mpaka kiganja kimechubuka — injini hata kukohoa! Petroli inachuruzika sakafuni.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Nzito, imekauka.

"Nani katia petroli kwenye injini yangu?"

Nikasema mimi.

"Mama Chiriku! Unataka kuiua? Hiyo ina mafuta yake, yamechanganywa na oili. Petroli haina oili, itaisaga! Na plagi hiyo haiwezi kuiwasha petroli mpaka kiama! Nani kakudanganya?"

Fundi wa pikipiki, nikasema.

"Mwambie na yeye anywe petroli, koo ni koo!"

Nimegombezwa vizuri sana. Nimesimama pale barazani nacheka na machozi yanatoka. Kaijua kwa harufu tu! Mafuta ya kweli, kasema, yako juu ya kabati la jikoni, nyuma ya sufuria kubwa.

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nimekimbia ndani na kigari, nikamwekea mapajani. Kakishika. Vidole vikapita kwenye plagi, kwenye magurudumu, polepole, kama anavyompapasa mtoto usoni. Halafu kakisukuma.

"Nifanye nini nacho? Nikakiendeshe wapi, humu gizani?"

Kageukia ukuta.

"Nifungashie begi langu."

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungasha. Mashati. Kandambili. Kitana. Dawa za macho nimezifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa zisivunjike.

Leo sina la kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejikaza kisabuni. Begi liko mlangoni, lakini wifi hajafika bado. Nimemwaga petroli yote, nimepangusa, nimetia mafuta ya kweli. Nikavuta. Kamba ikawa nzito, mara ikanasa kabisa. Haiendi, hairudi.

Sikumwita. Nimekaa tu barazani, kigari miguuni, Chiriku kanilalia begani. Nikasema moyoni, basi.

"Umeizamisha."

Sauti ya ndani. Sikujibu, niliogopa kuikatiza.

"Mafuta yamejaa juu ya pistoni. Toa plagi. Igeuze kichwa chini, ndiyo uvute."

Nimetoa plagi. Nimegeuza. Nimevuta — mafuta yakaruka fyuu! Chiriku kapiga ukelele wa furaha, wa siku zile.

"Yametoka?"

"Yametoka."

"Yote?"

"Gauni langu ndilo lenye yote."

Nikasikia kitu. Si kicheko. Pumzi tu, ya puani. Lakini mimi naijua pumzi hiyo, ndiyo hutangulia.

Nikarudisha plagi, nikapasha, nikavuta. Puf! Moshi! Ikanguruma kidogo, ikafa. Puf! Ikafa tena. Kauliza nimeigusa sindano ya kabureta? Nikauliza, sindano ndiyo ipi? Ni skrubu, kasema, inayopima mafuta. Ikifungwa mno inakufa kiu, ikifunguliwa mno inazama.

"Niifungue kiasi gani?"



"Haielezeki hiyo. Ni ya kushika na kusikiliza."

Hakuongeza neno. Nami sikuongeza. Nimejifunza.

Jumapili, 9 Machi

Kaoga mwenyewe. Kavaa shati la safari. Nikasema, ndiyo anaondoka hivyo.

Halafu kauliza kigoda kiko wapi.

Kaja barazani kwa miguu yake! Mkono ukutani, Chiriku kamshika kidole anamwongoza: "Mlango, baba. Kizingiti, baba. Paka, baba." Paka hatuna. Kaongopa tu ili aseme.

Kaketi. Kaziba tundu la moshi kwa kidole. "Vuta, polepole." Nikavuta. "Mafuta yamefika kwenye kabureta?" Yamefika. Kashika bisibisi, katafuta skrubu kwa ncha ya kidole, kaizungusha kama anayemtoa mtoto mwiba. "Vuta." Ikawaka, ikafa. Kainamisha kichwa, sikio karibu kabisa. "Vuta."

Hapo ndipo wifi alipofika. Honi, vumbi, gari linaunguruma getini, kaliacha vilevile akashuka. "Mgonjwa yuko tayari?"

Mume wangu hakugeuza kichwa. Kanyoosha mkono tu, kama anayesimamisha msafara.

"Mama Chiriku, mwambie dada azime gari lake. Silisikii langu."

Wifi kanitazama. Kamtazama. Kaenda, kazima.

Sasa niko jikoni, maji ya chai ya wifi yako motoni. Kakalia begi palepale mlangoni, mkoba mapajani. Hajasema twende. Mume wangu hajasema anabaki, wala sijamuuliza. Injini nayo haijakaa sawa — inawaka, inakufa. Kampa dada yake kamba avute. Nasikia: "Dada, unavuta kama unafunga kiatu!" Naye wifi anamjibu, "Mimi nimekuja kuchukua mgonjwa, sikuja kuajiriwa!" Lakini anavuta. Namsikia anavuta.

"Mama Chiriku! Acha chai, njoo uvute wewe!"

Naja—