Mutu wangu alikuwa ajakufa

Huguette, uko? Niko inje ya duka ya Khaled, hapa mu mutaa wa Asiatique, nalia kama mutoto.

Ni ile jeu yao, ule muchezo wa hadithi na dadu. Mutu wangu wa mu muchezo, ule mulinzi mwenye nilitengeneza tangu Noeli, alipigwa mukuki mu tumbo.

Sheria ya Khaled, mwenye kuongoza muchezo: mwenye kuumia vile anatupa dadu mara tatu. Mwenzake akibaki naye, anapona. Akiachwa, ni dadu tu na Mungu: apate sita ao akufe.

Nilitupa mara mbili, zikakataa. Nikamuangalia Moïse. Fiancé wangu, Huguette! Eti: "Chérie, we utakufa tu. Nachukua ngao yako na farasi."

Utakufa tu! Na nilikuwa ningali na dadu mu mukono!

Wote wakacheka. Nikatupa. Sita! Khaled akasema: "Irène amepona."

Moïse ata ngao akurudisha. Eti "ni muchezo tu."

Utakufa tu, aliniambia vile, na kucheka.

Nikavua pete ya uchumba, nikaiweka pa meza karibu na dadu. Nikamwambia: "Umesahau na hii."

Nilingoja aseme apana. Nilingoja kweli.

Huguette, aliichukua.