Mlango wa Mashine Namba Mbili

Jumatatu, 5 Mei
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu—naandika tena, mume wangu—kaniaga getini kama tunakwenda nchi mbili tofauti, na sote tunaingia kiwanda kimoja cha sabuni. Yeye ni opareta wa mashine ya kukata. Mimi ni mwanafunzi wa kazi idara ya umeme, najifunza PLC, kile kisanduku cha kabatini kinachoiamuru mashine nzima. Leo Fundi Mkuu kanionyesha namba mbili, mashine ya mume wangu, inavyofikiri. Sensa, kile kifaa kinachouhisi mlango, ikisema mlango wa kinga uko wazi, kisu hakizunguki, bonyeza kitufe mpaka kidole kichoke! Mpenzi wangu analindwa hivyo kutwa nzima. Nilitaka kukibusu kile kisanduku.

Jumatano, 7 Mei
Asubuhi balaa. Sensa ya mlango imekufa, namba mbili imegoma, meneja anafoka. Fundi Mkuu kaniambia niilazimishe PLC iamini mlango umefungwa, kwa muda tu, mpaka abadilishe sensa. Halafu niiondoe amri hiyo. Nikaandika, nikabonyeza—kisu kikazunguka! Makofi! Domo, mwenzake mume wangu, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, akapayuka, "Kaka, chunga! Siku ukinuna, shemeji atachomeka waya ucheke!"
Kabla ya saa sita sensa mpya ilishafungwa. Mchana kantini. Mume wangu alinishikia kiti, akanimenyea chungwa. Watu walitutazama. Watazame!

Ijumaa, 9 Mei
Domo amekatwa vidole viwili. Sabuni ilikwama, akafungua mlango aitoe. Mume wangu alikuwa upande wa pili, hamwoni, akabonyeza kitufe. Kisu kikazunguka. Mlango wazi!
Wote wanasema hakutazama. Yeye anarudia jambo moja tu: mashine ilipaswa kukataa. Meneja akamjibu kwamba mashine haina macho, macho anayo yeye.
Hapo ndipo nikakumbuka. Jumatano, kantini. Fundi Mkuu alinipigia simu: umeiondoa ile amri? Nikasema ndiyo. Nilidhani ni kazi ya dakika moja, nitaifanya nikirudi. Nikarudi nikiwa juu ya mawingu, nikatumwa kwenye mashine nyingine. Sikuiondoa.
Wenzangu walipotoka kumsindikiza Domo kwenye gari la wagonjwa, nikachomeka kompyuta. Ipo! Siku mbili nzima PLC imeambiwa na mimi kwamba mlango umefungwa. Sensa mpya inasema kweli, na hakuna anayeisikiliza.
Nikaiondoa. Asiumie mwingine—ndivyo nilivyojiambia. Ni kweli. Lakini pia nilitazama mlangoni kwanza kama kuna mtu.

Jumamosi, 10 Mei
Hospitali. Mume wangu alisimama kando ya kitanda, analia. Domo akamwambia aache kulia, vimebaki vinane, vinamtosha kuhesabia wadeni wake. Halafu akageukia ukuta, kimya. Domo kimya!
Nikisema, kazi imekwenda. Iende. Ninachoogopa ni mume wangu kunitazama kama mtu asiyenijua. Siku ishirini na nne tu.

Jumatatu, 12 Mei
Mkaguzi amekuja. Akafungua mlango, akabonyeza kitufe. Mashine ikakataa. Akarudia mara tano. Ikakataa mara tano. Akasema haina kosa lolote.
Bila shaka haina. Kosa nililiondoa mwenyewe, na ndilo lililokuwa shahidi pekee wa mume wangu.
Fundi Mkuu kanipigapiga begani, eti kazi safi. Mume wangu alikuwa anakitazama kisu kilichosimama. Sijawahi kuuona uso ule.
Jioni, viatu bado miguuni, akaanza. Labda mlango haukuwa wazi vizuri. Labda alisikia Domo akisema tayari. Labda kweli hakutazama. Anaanza kuamini! Akaniuliza, "Mke wangu, wewe unakijua kile kisanduku. Kinaweza kukosea?"
Nikamwambia hapana, kinafanya kile kinachoambiwa.
Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Akanishukuru!

Jumanne, 13 Mei
Amesimamishwa kazi. Maelezo yake yafike ofisini kesho saa mbili. Kaniomba nimwandikie, mwandiko wangu ni mzuri na vidole vyake havitulii. Tumekaa mezani, jua la alasiri kwenye kitambaa tulichopewa na shangazi yake siku ya harusi. Anasema, naandika. Jina lake. Kazi yake, miaka sita, hajawahi kupewa onyo. Sikujua kama ni miaka sita. Halafu akavuta pumzi: "Andika, nilibonyeza kitufe bila kutazama mlango. Kosa ni langu."
Nikaandika mpaka "nilibonyeza kitufe". Mkono ukagoma.
Mbona umeacha? Nikasema wino umekwama. Akanibusu utosini, akasema pole, mama, nimekuchosha, akatoka kwenda kuazima kalamu kwa jirani.
Wino haujakwama. Ndio huu ninaoandikia hapa.
Nimeivuta karatasi yake. Baada ya "nilibonyeza kitufe" nimeweka nukta. Chini yake nimeandika mistari miwili: tarehe saba, na nilichoiambia PLC, na nani aliiambia. Jina langu, na jina lake la ukoo ambalo bado najifunza kulitia saini.
Ana tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya chumvi. Jambo hilo lilinifanya nimpende.
Anamshukuru jirani. Kandambili zake kwenye ngazi. Naweza bado kuichana, ni karatasi moja tu—
Anaingia. Ameshika kalamu mbili. Anatabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa, anauliza tumefika wapi, ananyoosha mkono aichukue karatasi—