Shemeji Amemwacha Mdogo Wangu, na Michoro Yake Imejaa Ukutani Kwangu

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, maana nimesali, nimeuliza watu, kila mtu ana jibu lake na moyo wangu bado haujatulia. Mimi ni fundi wa fremu za picha, mtu mzima, nina mke na watoto, shule sikwenda mbali lakini kazi yangu naijua na ibada sikosi. Nina mdogo wangu wa kike ambaye nilimlea mwenyewe baada ya wazazi kufariki, akaja kuolewa na mchoraji wa katuni, yule anayechora Bwana Mtulivu gazetini, bila shaka unamjua, yule mume mpole ambaye mke wake Bibi Kelele humsimamia mlangoni na mwiko akifoka, "Ulikuwa wapi?" na yeye anajibu taratibu, "Nilikuwa natafuta utulivu, mke wangu," au, "Nilipotea nikiwaza uzuri wako," na watu wanacheka mpaka machozi, harusini wazee wanamwambia bwana harusi aige mfano wake, hata kikundi chetu cha maombi kiliwahi kumwalika shemeji aje kutufundisha uvumilivu katika ndoa.

Sasa shemeji alikuwa na kawaida, gazeti likishamalizana na mchoro, karatasi yenyewe ya mkono wake ananiletea mimi, na ukiisogeza dirishani unaona mistari ya penseli chini ya wino, na pale alipoufuta mdomo wa Bibi Kelele akauchora mkubwa zaidi. Mimi nakata kadibodi, naweka kioo, napigilia, natundika sebuleni. Nimekusanya kwa miaka mingi. Hakuna mwenye nazo kama mimi, na sikufichi, ni fahari yangu, mgeni akiingia kwangu haangalii kochi, anaangalia ukuta.

Mwaka huu shemeji amemwacha mdogo wangu kwa ajili ya mwanamke mwingine, na imejulikana kwamba hakuwa mmoja wala hakuanza jana. Mdogo wangu akaja kwangu na watoto, mke wangu akawapa chumba, na jioni tukawa tunakaa sebuleni sote, yeye kwenye kochi na Bwana Mtulivu juu ya kichwa chake, na mimi, Mungu anisamehe, sikuona tatizo kwa sababu zile picha nilishazoea kuziona pale.

Walioona tatizo ni kikundi cha maombi. Kiongozi wetu alisema michoro ya mzinzi haifai kukaa kwenye nyumba ya sala, niichome. Mwenzangu mmoja, mstaafu wa posta ambaye naye anakusanya katuni, akasema, "Kiongozi, mkono uliochora sio uliokosa." Kiongozi akamuuliza, "Kwani yule bwana ana mikono mingapi?" Tukajadili mpaka chai ikapoa. Mama mmoja akaomba kabla picha hazijachomwa aje aziangalie tena, hasa ile ya Bibi Kelele kukwama dirishani, ili ajue vizuri anachokikataa. Mstaafu akaninong'oneza kwamba kama ni kuchoma, nimpe yeye akachome. Mwisho wakakubaliana kwamba michoro ambayo shemeji alichora kabla hajaanza dhambi ni safi na ibaki, na aliyochora baada ya hapo iondoke.

Mshauri, mimi nililiona ni jambo la haki. Nikashusha fremu zote, kila mchoro una tarehe nyuma, nikazipanga sakafuni kwa kufuatana kuanzia mlangoni mpaka dirishani, ikabaki kitu kimoja tu, kujua dhambi ilianza lini. Nikamfuata mdogo wangu jikoni, alikuwa anamenya viazi, nikamwambia kwa upole, "Samahani, mdogo wangu, hivi huyu bwana alianza lini? Hata mwezi tu, tarehe si lazima."

Akaweka kisu chini. "Kaka, mwezi wa nini?"

Nikamweleza. Akanipita akaenda sebuleni, akatembea katikati ya zile fremu polepole, kama mtu anayetafuta nguo zake kwenye kamba ya jirani. Akaniuliza, "Huyu mwanamke mwenye mwiko unamjua?"

"Si ndiye Bibi Kelele?"

"Na gauni lake?"

Nikaangalia. Gauni la maua, mfuko mmoja umechanika. Lile gauni nilimnunulia mdogo wangu mimi mwenyewe.

"Nilikuwa namuuliza amelala wapi," akasema. "Kweli nilikuwa namuuliza, kaka, pale mlangoni, na mwiko mkononi kwa sababu nilikuwa napikia watoto. Hakunijibu hata siku moja. Anapita, anakaa mezani, anachora. Jibu langu nikawa nalisoma gazetini pamoja na watu wengine wote." Akaigusa kwa kidole cha mguu fremu iliyokuwa ya kwanza kabisa. "Hata hii aliichora asubuhi aliporudi kutoka huko. Haya, endelea kupanga."

Kesho yake akahama. Amepanga chumba juu ya duka la nguo, simu yangu hapokei, na mke wangu ananiambia, "Baba, hizo karatasi ulizitazama kila siku. Huyo wa tumbo moja na wewe ulimtazama lini?" Chakula hakipiti. Fremu bado ziko sakafuni, tunaziruka tukienda kulala. Niambie, mshauri, karatasi ina kosa gani kwa dhambi ya mchoraji? Nizichome zote, nibaki na chache, au nizigeuze zitazame ukuta?

Ni mimi, Fundi Fremu

Jibu la mshauri

Fundi, pole. Barua yako nimeirudia, na safari ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipouliza namna ya kumrudisha mdogo wako. Sikupaona. Umeuliza habari za karatasi.

Basi tuanze na karatasi ili zisitusumbue. Kama tungetaka vitu vilivyotengenezwa na watu wasafi peke yao, wengi wetu tungelala chini na kutembea peku, maana seremala na fundi viatu hatukuwauliza habari za nyumbani kwao. Mtu anaweza kuwa wa hovyo na mkono wake ukawa mzuri, na wewe ukicheka hujawa mshirika wake. Shemeji yako angekuwa anachora paka, ningekwambia mwache paka ukutani, mchoraji mnyime salamu. Lakini hachori paka. Alichukua uchungu wa mke wake, akauchorea mdomo mkubwa, akauza, na wewe ukauwekea kioo. Hapo ubaya wa msanii hauko nje ya mchoro ukisubiri kikao. Umo ndani, kwa wino. Na aliyeumizwa alikuwa amekaa chini yake anakunywa chai yako.

Kikundi chako nacho kipumzike. Jana walimwita awe mwalimu wa ndoa, leo wanatafuta kiberiti, na katika barua yote sijaona aliyempelekea mdogo wako hata kilo ya unga. Kujadili usafi wa karatasi ni kutamu kwa sababu hakuna anayetakiwa kubeba kitu. Usichome mbele yao, watakuja kutazama. Na yule mstaafu usimpe hata moja.

Sikuoni mtu mbaya, kaka yangu. Mtu mbaya chakula kingepita. Ila ulimpenda shemeji kwa sababu alikuchekesha, na nadhani mdogo wako aliwahi kukulalamikia, ukamjibu kwa utani wa Bwana Mtulivu. Kama nimekosea, unisamehe. Kama sijakosea, hilo ndilo la kuombea radhi, si fremu.

Leo hii okota zote sakafuni, zifunge, uziweke mahali ambapo watoto wa mdogo wako hawatazikuta. Usiuze, usigawe, usimpelekee yeye. Maneno yaliyomo ni yake, kwa hiyo wa kuamua ni yeye, siku atakayotaka, hata iwe baada ya miaka, na asipotaka kabisa, zitakaa zilivyofungwa na wewe utaishi na ukuta mtupu kama watu wengine. Karatasi mpya za shemeji usipokee tena.

Halafu nendeni kwa mdogo wako, wewe na mkeo. Usimtaje kiongozi wa maombi, wala neno haki lisitoke kinywani mwako. Asipofungua, kaeni kwenye ngazi. Akifungua, mwombe radhi kwa maneno machache, uliza watoto wamekula nini. Akianza kufoka, mwache afoke kwa sauti yoyote anayoitaka, wewe msikilize mpaka amalize, na kila atakachokuuliza, mjibu.