Mtu Anayefanana na Shemeji

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Goti lako linaendeleaje, na paa la jikoni limezibwa? Mimi sijambo, ila kifua hunikumbusha umri kila baridi ikiingia.

Nina habari za mumeo. Yule aliyekuacha bila hata kuaga yuko huku.

Unaijua kazi yangu katika ofisi ya wageni: anayetoka kwetu bila vitambulisho huketishwa mbele yangu tuzungumze. Nikisema namfahamu, anapewa kibali cha kukaa, nisiposema, anarudishwa. Jumatatu pazia lilifunguliwa, akaingia shemeji, mvi tupu, koti limempwaya. Alinikumbatia, akaniita Bwana Wino, jina la utani la enzi za kiwanda cha uchapaji, akamwambia karani kwamba mambo yamekwisha, huyu ni ndugu yake kabisa.

Hujasahau kesi yangu. Jioni ile karatasi za uchochezi zilipochapwa kiwandani, mimi nilikuwa kwenu nikicheza naye karata. Alitakiwa kusema hivyo tu. Badala yake yeye, mwalimu wetu wa falsafa, aliiambia mahakama kwamba alimwona mtu anayefanana nami, lakini macho hudanganya, na hakuna kauli yoyote kuhusu ulimwengu isiyoweza kupingwa. Mahakama nzima ilicheka. Mimi nikafukuzwa nchini, yeye akapandishwa cheo.

Basi karani aliponiuliza kama namfahamu, nilijibu kwamba namwona mtu anayefanana na shemeji. Alidhani natania. Akataja jina la marehemu mama yetu; nikasema majina hufundishika. Akaonyesha kovu la kidole chake ninalolijua. Nikasema wenye makovu ni wengi. Jasho likamtoka, akaniuliza, sasa shemeji, mimi si mimi? Nikamwomba athibitishe, taratibu, sina haraka.

Karani akamuuliza habari za mke. Akasema alifariki zamani. Na asubuhi ile ile ulikuwa umenipigia simu kunigombeza kwamba sili!

Ningependa uamini kuwa hilo ndilo lililonifanya nimkane. Sivyo. Nilikwisha kuamua tangu pazia lilipofunguliwa, na nilitia saini bila kusita.

Atarudishwa wiki ijayo. Akibisha hodi kwako, mtazame vizuri usoni. Kumtambua au kutomtambua ni juu yako, na jibu lolote utakalompa, mimi sitalipinga.

Wabusu wajukuu kwa niaba ya babu wasiyemjua. Nawe funika kifua, baridi isikuingie.

Ni mimi, kaka yako.