Maombi kwa Mwenye Prado

Bishara, hapa nachapa kwa hasira.

Leo nimempeleka mama na kiti chake cha magurudumu kwa mkutano wa haki za walemavu hapa Garsen. Tunafika, ile nafasi moja ya kuegesha ya walemavu, karibu na mlango, imekaliwa na Prado nyeupe. Kwingine kote ni tope la mvua, magurudumu hayapiti.

Na unajua ya nani? Ya Jasper, mwenye kuandaa mkutano wenyewe.

Namwambia atoe gari, ananijibu, "Si mumbebe tu? Amezoea."

Amezoea. Mama yangu, kama gunia la mpunga.

Tukambeba, mimi na mlinzi wa mlangoni. Kiatu changu kimoja kikabaki topeni.

Ndani, huyo huyo Jasper akamwomba mama afungue kwa maombi. Ukumbi mzima ukafumba macho. Mama akaanza, "Baba, tunamwombea mwenye Prado nyeupe. Mpe miguu aende akaitoe pale mahali petu."

Halafu akangoja. Nasikia Jasper anakohoa. Hakuna aliyethubutu kufumbua macho.

Mama hakusema amina mpaka tuliposikia injini.