Pindo la Nne

Chamazi, 5 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko kwenye vilima vya Madale? Sie wazima, mkweo anakusalimu.

Nimepewa kidato cha pili niwafundishe kupanga matumizi ya hela. Usicheke. Mshahara wangu mwenyewe haufikagi tarehe ishirini. Kwa kuwa sina changu, nimewafundisha chako: ile kanga ya Bukoba. Ukirudi kuuza ndizi ulikuwa unakaa chini jikoni, unafunga mapindo tukiangalia. La kwanza mafuta ya taa na chumvi, la pili ada, la tatu sadaka. La nne, la akiba, unalikaza kwa meno, unasema, "Hili haliguswi." Mie na dada Avelina tulikuwa tunalala fofofo kwa ajili ya pindo lile.

Wanafunzi wanafunga leso zao: nauli, chakula, daftari, na la nne. Sasa Rukaiya hajaja wiki nzima. Mama yake, muuza vitumbua, anaumwa, nauli hakuna. Wenzake wanataka kufungua mapindo yao ya nne wamsaidie. Nimekataa, sheria ni yako. Wameninunia. Hata Khalfani, aliyekuwa ananiita Waziri wa Fedha, siku hizi ananipa shikamoo kavu na kupita.

Niambie, mama. Ulikuwa unalifungua lini?

Mwanao,
Revelian

Madale, 14 Mei 2025

Mwanangu Reve,

Marahaba. Magoti yanajua mvua kabla ya redio. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Wewe, uliyekuwa unakula nauli yote kwa senene wa kukaanga halafu unarudi kwa miguu, leo mwalimu wa matumizi?

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nawaza niseme au niache. Avelina akaniambia, "Mama, mwambie tu, mtu mzima huyo, ana kipara."

Lile pindo lilikuwa na maharage, mwanangu. Baba yenu alipofariki hela ikawa haifiki pindo la nne, nanyi mnaniangalia mikono. Nikafunga maharage machache, mkaenda kulala.

Kwa hiyo usiniulize nililifungua lini. Wenzake Rukaiya wana cha kufungua. Waache wafungue.

Mama yako

Chamazi, 30 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ofisi ya walimu, nikajifanya nimeingiwa na vumbi la chaki machoni. Hakuna aliyeniamini, siku hizi ubaoni tunaandikia kalamu za wino.

Wamefungua. Rukaiya karudi Jumatatu. Jana kaleta vitumbua vya mama yake, ameanza tena kukaanga. Vimeungua kidogo upande mmoja, hatukubakisha. Khalfani kaniuliza, "Mheshimiwa Waziri, la nne sasa tupu, tufunge nini?" Nikamwambia afunge maharage mpaka apate hela. Darasa zima limecheka, wamedhani natania.

Avelina alipita hapa, anakuletea kanga mpya. Pindo moja nimelifunga mwenyewe, mshahara ulipoingia tu, kabla haujanikimbia. Nimelikaza kwa meno. Hili halina maharage.

Mwanao,
Revelian

Madale, 8 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Kanga imefika, rangi yake nzuri. Avelina analipapasa pindo tangu juzi, anataka tufungue tununue gesi. Nimemwambia haliguswi.

Jana nimelala fofofo.

Mama yako