Shemeji Yangu Alisoma Nini Juu ya Mipira?

Mpendwa Bi Mshauri,

Pokea salamu zangu, nami naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana moyo umejaa shaka na hapa Ukunda sina wa kumwambia ambaye hatalifikisha kwa mke wangu.

Mimi na shemeji yangu Sefu, kakake mke wangu Mishi, tuna duka dogo la vifaa vya michezo, mipira ya ngozi, fulana, njumu na neti, na mwisho wa Ramadhani tuliagizwa mzigo na timu ya Lunga Lunga, ambayo ingecheza na Bodo siku ya Idi, na Bodo, Bi Mshauri, ndiko alikozaliwa Sefu. Hapo ndipo pa kutazama. Dereva ni mimi, yeye hajui hata kuwasha gari, tukaondoka baada ya kufuturu na masika yamepamba moto, barabara imekuwa uji, mara tukwame Msambweni tusukume, mara tungoje mto wa Ramisi upungue, usiku kucha, kisha mchana na saumu zetu, kisha usiku wa pili, na muda wote huo huyu mtu hakulala wala hakuniacha nikapumzika.

Wallahi alinichosha! Kila nikinyamaza ananiuliza jambo, babu yako mzaa mama aliitwa nani, posa ya dada yako ililetwa na nani, nikajiuliza, huyu anachimba siri za kwetu ampelekee nani? Usiku ananitia tangawizi mbichi mdomoni kwa lazima, na kahawa aliyoipika mwenyewe, sikuona alichotia. Mvua inanyesha, yeye ananyoosha mkono kunishushia kioo cha upande wangu nirowe uso. Kisha akaanza kujaza mipira upepo kwa pampu, papa hapa sikioni mwangu, na kila akikaza kamba ya mpira mmoja naona midomo yamcheza, anasoma, sauti haitoki. Nikamwuliza, "Shemeji, wasoma nini?" Akanijibu, "Wewe tazama njia." Mtu mwenye moyo safi hujibu hivyo?

Kubwa kuliko yote ni hili. Tulipokuwa tumeshavuka Ramisi nilifumbua macho nikaona ameukamata usukani wangu kwa mikono miwili, anapiga kelele, gari limeingia majanini karibu na korongo, nikajua sasa ameamua kuniua abaki na duka.

Tulifika. Mechi ya Idi ikachezwa kwa mipira hiyo hiyo, Bodo wakashinda, na waliokuwako wanasema goli lenyewe mpira ulipinda hewani! Tangu siku hiyo sili na Sefu sahani moja, na Mishi nimemwambia achague, mimi au kakake, nampa mpaka Ijumaa. Yeye anakunja nguo zake tu. Je, nivunje ushirika? Nifanyeje?

Wako mwenye mashaka,
Waziri, Ukunda

Waziri mwanangu,

Pole kwa safari. Matope ya masika nayajua, tena na saumu, na mtu asiyelala siku mbili huona hata kichaka kinamfuata. Hapo nakuhurumia. Kwingine kote sikuhurumii hata kidogo.

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulifumbua macho. Ala! Dereva afumbuaje macho gari likiwa linakwenda, kama hakuwa ameyafumba? Ulilala, Waziri. Ulilala na usukani mkononi, na Sefu asiyejua kuendesha akaushika kama alivyoweza. Wasema alitaka kukuua. Naye alikuwa amekaa wapi, juu ya mnazi? Si humo humo garini?

Maswali ya babu, tangawizi, kahawa, mvua ya uso, kelele za pampu: hayo hufanyiwa mtu anayesinzia. Na hiyo midomo, hebu nawe! Mwislamu aliyekaa kando ya dereva anayekoroma husoma nini, kama si kumwomba Mola wafike salama? Ama goli la Bodo, mimi mpira siujui, lakini Bodo nao wana miguu, na Lunga Lunga waliupiga mpira huo huo.

Ninayemshuku mimi ni wewe, nikuambie kweli. Nadhani wajua fika kwamba ulilala, na waona haya kuokolewa na mtu asiyejua hata kuwasha gari, ndipo ukamtafutia uchawi.

Basi usingoje Ijumaa. Gazeti hili likikufikia, ondoka hapo ulipokaa, nenda kwa Sefu, mlete nyumbani, mle pamoja, umwombe radhi mbele ya Mishi. Useme neno lenyewe, "nililala," usilizungushe. Ushirika usiuvunje. Mfundishe kuendesha, safari nyingine mpokezane, na macho yakiwa mazito gari lisimame, mzigo ungoje, na mwenye mzigo akasirike apendavyo.

Na hilo la kumwambia mwanamke wa watu achague kati ya mumewe na kakake, lifute leo hii. Usiku ule, kama Sefu angelala, Mishi angewazika nyote wawili.

Bi Mshauri